Kadi Arobaini za Mihogo

Mwaka ule uchovu haukubisha hodi. Uliingia majumbani mwa watu ukakaa, kama jamaa aliyekuja kusalimia akasahau kuondoka. Genoveva, mwanafunzi wa darasa la sita pale Yombo, wilayani Temeke, aliamka nao kila asubuhi. Kwanza foleni ya bombani, ambako maji yalidondoka tone kwa tone na watu wakasinzia juu ya ndoo zao. Kisha kufagia uwanja, kisha kumpashia bibi yake maji ya kukanda magoti, kisha mbio kwenda shule. Akitoka shule, foleni nyingine ilimngoja kwenye duka la ushirika. Siku ya bahati alipata unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano yaliyotoka ng'ambo. Siku nyingine alirudi na kikapu kitupu. Mama yake alifanya kazi kiwandani kwa zamu, na aliporudi nyumbani hakuwa na nguvu hata ya kuitikia shikamoo.

Kilichowaokoa watu mwaka ule ni mihogo. Mvua zilikuwa zimekataa, mahindi yamekauka yangali mafupi, lakini mihogo ya kule bondeni ilivumilia. Kila nyumba ilikuwa na kipande chake huko, na shule nayo ilikuwa na shamba lake la elimu ya kujitegemea.

Tatizo lilikuwa moja, nalo halikuwa dogo. Wakazi wa Yombo walitoka kila pembe ya nchi, na kila aliyehamia alipanda pingili alizozipata, za kwao au za jirani. Mihogo mitamu na michungu ikachanganyika. Muhogo mtamu unaweza kuutafuna mbichi ukafurahi. Muhogo mchungu una sumu. Ni lazima umenywe, ulowekwe, uanikwe juani mpaka uwe makopa, ndipo utwangwe unga. Anayeukosea hushikwa na kizunguzungu na kutapika, na akila mwingi anaweza kufa. Mwezi uliopita tu, familia moja ya mtaa wa pili ilikuwa imekimbizwa hospitali, wazazi na watoto.

Ndiyo maana watu walimjua Bibi Rosalia. Huyu alikuwa bibi yake Genoveva, mzaa mama, mtu wa kusini, upande wa Ndanda, ambako watu wamekula mihogo tangu babu na babu. Majirani walimletea majani na mizizi, naye, akiwa amekaa kwenye mkeka na miguu yake mibovu ameinyoosha, aliwaambia, "Huu pikeni. Huu anikeni. Huu msiuguse mpaka niuonje." Hakuwahi kukosea.

Siku moja, jua likiwa kali, balozi wa nyumba kumi alimleta mgeni. Alikuwa kijana mwenye miwani, amevaa kaunda suti iliyopauka, na kwapani amebana mkoba mnene.

"Shikamoo bibi," alisema kijana. "Naitwa Wilbert. Natoka chuo kikuu, kule Mlimani. Nimetumwa kuja kuchukua ujuzi wako."

"Marahaba, mwanangu," alijibu Bibi Rosalia. "Uchukue uupeleke wapi? Na mimi nitabaki na nini?"

Bwana Wilbert alicheka, akakaa kwenye kigoda. Akaeleza kwamba chuoni walikuwa na kompyuta, mashine kubwa ya kufanya hesabu. Yeye na wenzake walikuwa wakijaribu kuifundisha kazi nyingine. Badala ya hesabu, walitaka kuipa ujuzi wa bingwa.

"Bingwa wa nini?" aliuliza Genoveva, aliyekuwa akichambua mchele pembeni, mchele wenyewe kikombe kimoja.

"Wa jambo lolote. Magonjwa, mitambo, udongo. Mimi nimechagua mihogo, maana kwetu Bukoba sisi ni watu wa ndizi, na mihogo nusura initoe roho nilipofika huku." Akafuta miwani yake. "Tunamwuliza bingwa anavyoamua, halafu tunaiandikia mashine masharti. Ikiwa shina liko hivi, na ikiwa jani liko vile, basi muhogo ni mtamu. Masharti yakiwa mengi, mashine inaweza kumwuliza mtu maswali kama ambavyo bibi angemwuliza, halafu ikampa jibu. Mtu wa kijiji cha mbali, asiye na bibi kama huyu, atapata msaada. Wenzetu wanaiita akili ya bandia."

"Akili ya bandia!" Bibi Rosalia alipiga makofi. "Kama meno ya bandia?"

"Karibu sawa, bibi."

"Basi muwe waangalifu. Meno ya bandia hayahisi moto. Marehemu mume wangu aliyavaa, akaunguza fizi zake mwenyewe."

Walicheka wote, hata balozi. Lakini kazi ilipoanza, kicheko kiliisha. Bwana Wilbert aliuliza, "Unajuaje kama muhogo ni mchungu?" Bibi akajibu, "Naujua tu." Akauliza tena kwa njia nyingine. Bibi akasema, "Mwanangu, wewe unamjuaje mama yako ukimwona kwa mbali?" Bwana Wilbert akajikuna kichwa. Alikuwa amejaza maswali kurasa mbili na hajapata jibu hata moja.

Mwisho walikubaliana hivi. Bwana Wilbert angefunga vibati vyenye nambari kwenye mihogo arobaini kule bondeni, mingine ya majirani, mingine ya shule. Kila muhogo ungekuwa na kadi yake. Kwa kuwa magoti ya bibi hayakumruhusu kwenda shambani, Genoveva angekwenda, angeandika rangi ya shina, rangi ya kikonyo cha jani na rangi ya kilele, kisha angeleta tawi moja nyumbani. Bibi angeliangalia, angelinusa, angetoa hukumu. Genoveva angeiandika chini ya kadi.

"Andika anachosema bibi, neno kwa neno," alisisitiza Bwana Wilbert. "Mashine haina macho wala ulimi. Itaamini kila utakachoiandikia."

"Ndiyo, mwalimu," alijibu Genoveva, ingawa yule hakuwa mwalimu wake. Alijiona mkubwa. Katika shule nzima nani mwingine alikuwa ameombwa kuifundisha kompyuta?

Ukubwa huo ulidumu siku mbili. Bondeni palikuwa mwendo wa nusu saa, kwenda kwa mteremko, kurudi kwa kupanda. Genoveva alikwenda baada ya foleni ya unga, jua la alasiri likimchoma utosini, akarudi na matawi matano, vumbi mpaka kwenye nyusi. Bibi alichukua tawi la kwanza, akalikunja, akalinusa.

"Mtamu."

La pili. "Mchungu, tena sana. Huu ulitoka Rufiji."

La tatu bibi aliligeuza geuza, akavunja kikonyo, akakitazama kwa muda mrefu.

"Huu sijui," alisema. "Nenda ukachimbe mzizi mmoja, uniletee niuonje."

"Bibi! Nirudi tena kule?"

"Sasa mimi niende kwa magoti haya, mke mwenzangu?" Bibi alimtania hivyo kila alipomwona amenuna, kama mabibi wanavyowatania wajukuu wao wa kike. Lakini siku ile Genoveva hakucheka. Alichukua jembe, akavuta miguu mpaka bondeni, akachimba ardhi iliyokauka kama tofali, akarudi na mzizi jua likiwa linatua. Bibi akakwangua kipande kidogo kwa kucha, akakigusisha kwenye ncha ya ulimi, akatema.

"Mchungu. Kiangazi kimeuharibu. Mwaka jana ungekuwa wa kula."

Siku ya tatu, "sijui" zilikuwa mbili. Siku ya nne, tatu. Kila sijui ilikuwa na safari yake, jembe lake na malengelenge yake. Genoveva alianza kulichukia neno lile. Isitoshe, lilimwaibisha. Shuleni kwao aliyejibu "sijui" alisimamishwa mbele ya darasa mpaka kipindi kiishe. Sasa kadi zikienda chuo kikuu zikiwa zimejaa sijui, wasomi watasema nini? Watasema bikizee wa Yombo ni bingwa wa kutojua.

Kadi ya kumi na saba ilikuwa ya muhogo wa shamba la shule, wenye vikonyo vyekundu na shina la kijivu. Bibi alilitazama tawi lake, akapiga miayo, akasema, "Huu nao sijui. Uniletee mzizi."

"Haya, bibi," alisema Genoveva.

Hakwenda. Alikaa nyuma ya choo, kwenye kivuli, akiwa hoi, nyayo zikimwaka moto. Mbele yake kadi ilikuwa na mistari miwili mitupu, mmoja wa mtamu, mmoja wa mchungu. Akaandika MTAMU. Kwa nini mtamu? Hata yeye hakujua. Pengine kwa sababu njaa ilikuwa ikimsemesha. Kisha akapumzika kiasi cha safari ya kwenda na kurudi, akaingia ndani na kumwambia bibi kwamba ardhi ilikuwa ngumu, angechimba kesho.

Kesho yake bibi alikuwa na homa, hakukumbuka kuuliza. Homa haikumwacha upesi, mizizi akaisahau, na baada ya hapo ilikuwa rahisi. Kila bibi aliposema sijui, Genoveva alisema haya, akakaa nyuma ya choo, akaandika neno moja kati ya mawili. Mara nyingi aliandika mtamu. Mwisho wa juma la pili kadi arobaini zilikuwa zimejaa, safi, hazina hata sijui moja.

Bwana Wilbert alipozipitia, uso ulimng'aa. "Bibi, wewe ni hatari! Arobaini kwa arobaini!"

Bibi Rosalia alikunja kipaji. "Arobaini yote? Mbona kama nilikuwa na..." Lakini kikohozi kikamshika, na Bwana Wilbert alikuwa tayari anafunga mkoba ili awahi gari. Genoveva alitazama vidole vya miguu yake.

Majuma matatu yalipita. Bwana Wilbert alirudi na karatasi ndefu iliyokunjwa kunjwa, yenye vitundu pembeni, iliyochapwa na kompyuta yenyewe. Ilikuwa na maswali na majibu. Kama ndiyo, nenda swali la nne. Kama hapana, nenda swali la saba. Mwishoni lilikuwapo jibu. Aliacha nakala moja kwa Mwalimu Mwishehe, msimamizi wa shamba la shule.

"Hii ni ya majaribio tu," alimwambia. "Angalieni kama maswali yanaeleweka, basi. Msile kitu kwa kuifuata mpaka bibi aipime tena. Ikifaa, ndipo tutaipeleka vijijini."

Mwalimu Mwishehe alikuwa mtu mwema, ila naye mwaka ule alikuwa amechoka kama wengine. Unga wa uji wa wanafunzi ulikuwa umekwisha tangu Jumatano. Ijumaa watoto wawili walianguka mstarini kwa njaa. Jumamosi, siku ya kazi ya shamba, alisimama bondeni na watoto mia mbili mbele yake, midomo imewakauka, majembe mabegani, akatazama mihogo ya shule iliyonenepa ardhini. Karatasi ilikuwa mfukoni mwake.

"Mwalimu, tumwite bibi yake Genoveva?" aliuliza kiranja mmoja.

"Tumsumbue bikizee wa watu na magoti yake, wakati maneno yake yamo humu humu?" alijibu mwalimu, akiipigapiga karatasi. Akaikunjua, akaanza kusoma kwa sauti. "Je, kikonyo cha jani ni chekundu?"

"Ndiyo!" waliitikia watoto.

"Je, shina ni la kijivu?"

"Ndiyo!"

"Je, kilele ni cha zambarau?"

"Hapana! Cha kijani!"

Mwalimu alishusha kidole mpaka chini ya karatasi. "Basi, mtamu. Unaweza kuliwa mbichi au wa kuchemshwa." Akavuta pumzi ndefu. "Alhamdulillahi. Chimbeni mistari yote miwili ya aina hii. Wasichana wa darasa la saba, bandikeni masufuria."

Watoto walipiga vigelegele. Genoveva hakupiga. Mbele yake, kwenye shina la kwanza la mstari, kibati kilikuwa bado kinaning'inia, kimeanza kutu. Kumi na saba.

Sema, alijiambia. Sema sasa hivi. Lakini angesemaje mbele ya watu mia mbili wenye njaa? Kwamba yeye, mtoto aliyesifiwa mbele ya shule nzima kwa kuifundisha kompyuta, alikuwa amekaa nyuma ya choo? Pengine muhogo wenyewe ulikuwa mtamu kweli. Nani ajuaye? Bibi mwenyewe hakujua. Akajifanya hamnazo, akainama, akaanza kulima palipokwisha kulimwa.

Rafiki yake Mwanabaraka alikuwa akichimba mstari wa pili. Huyu alikaa naye dawati moja tangu darasa la kwanza, msichana mwembamba, mcheshi, ambaye tangu juzi hakuwa ametia kitu tumboni ila chai ya rangi. Genoveva alipoinua kichwa alimwona amechuchumaa, amemenya muhogo kwa meno, anatafuna haraka haraka. Nusu ilikuwa imekwisha.

"Mwana! Acha!"

"Ah, mie siwezi kungoja sufuria," alisema Mwanabaraka mdomo umejaa. "Mchungu mchungu kidogo, lakini unapita."

Genoveva aliurukia mkono wake, akaupiga, muhogo ukaanguka vumbini. Kisha akapiga kelele kwa nguvu zake zote, mpaka wale wa masufurini wakageuka.

"Msile! Mwalimu, msile! Ni mchungu!"

Mwalimu Mwishehe alikuja kwa hatua ndefu. "Genoveva, una nini? Kompyuta imesema ni mtamu. Wewe unajua kuliko kompyuta?"

"Kompyuta haijui, mwalimu." Machozi yalikuwa yakimtiririka. "Mimi ndiye niliyeidanganya. Bibi alisema hajui. Alisema nimpelekee mzizi auonje, nikachoka, nikaandika mtamu. Huu, na mingine mingi."

Watoto mia mbili walimtazama, na Genoveva alitamani ardhi ipasuke. Mwalimu alikwenda kwenye masufuria, akayapindua moja baada ya jingine, mihogo iliyomenywa ikabiringika majivuni. Mtoto mmoja wa darasa la tatu akaanza kulia, si kwa hofu, kwa njaa.

Hapo ndipo Mwanabaraka aliposema kwamba kichwa kinamzunguka. Akajaribu kusimama, akakaa tena, akatapika. Mwalimu alimpakia kwenye baiskeli yake, kiranja akamshikilia nyuma, wakaondoka mbio kwenda zahanati. Genoveva aliwafuata kwa miguu, akikimbia, akianguka, akiinuka. Ajabu ni kwamba kile kilima kilichokuwa kikimshinda kila siku alikipanda bila kupumzika hata mara moja.

Alikaa kwenye benchi nje ya zahanati tangu saa nne mpaka alasiri. Mama yake Mwanabaraka alifika, akaingia ndani bila kumtazama. Genoveva aliomba kwa Mungu wake na, kwa kuwa Mwanabaraka alikuwa Mwislamu, akaomba tena kwa jina la Mwenyezi, asije akakosea mlango. Hatimaye mganga alitoka, akifuta mikono.

"Amelala. Ana bahati, alikula nusu tu, na mwingi ameutapika. Angekula mzima, ningekuwa nakueleza mengine." Akamwangalia yule msichana aliyejaa vumbi. "Nani aliyemnyang'anya ule uliobaki?"

Genoveva aliinua mkono polepole. Alijua kwamba swali lile lilikuwa na nusu yake ya pili, nani aliyemfanya aule, nayo hakuna aliyemwuliza.

Jumatatu jioni Bwana Wilbert alikuja Yombo, na Mwalimu Mwishehe pamoja naye. Walikaa uwanjani kwa Bibi Rosalia. Kadi arobaini zilikuwa zimetandazwa mkekani. Genoveva alikuwa amekwisha kumwambia bibi kila kitu Jumamosi ile ile, na bibi hakuwa amesema lolote tangu hapo, jambo lililomwumiza kuliko kiboko.

"Genoveva," alisema Bwana Wilbert kwa sauti ya mtu aliyechoka, "nionyeshe zile ulizozitunga. Nitazitoa, nyingine zitabaki."

Genoveva alipiga magoti, akazipitia. Ya kumi na saba, ndiyo. Ya ishirini na tatu, nadhani. Ya thelathini... Mwandiko ulikuwa ule ule, maneno yale yale mawili.

"Siwezi kuzitofautisha," alisema. "Nyingine sikumbuki."

"Basi zote zimeharibika," alisema Bwana Wilbert polepole. "Hata zile za kweli. Siwezi kuiamini hata moja." Akavua miwani, akajifinya macho. Kazi ya majuma zaidi ya matano ilikuwa mkekani pale, haina maana.

"Na mimi nina yangu," alisema Mwalimu Mwishehe. "Uliniambia nisilishe watoto kwa karatasi ile. Nilitaka mtu anipe jibu, na karatasi ilinipa jibu bila kusitasita. Nikaipenda kwa hilo. Nimekwenda kwa wazazi wa Mwanabaraka, nimewaomba radhi."

Ndipo Bibi Rosalia alipofungua mdomo.

"Mjukuu wangu, uliona haya kwa ajili yangu?"

Genoveva aliinamisha kichwa. "Ndiyo, bibi. Na nilichoka."

"Kuchoka najua. Sote tumechoka, mama yako amechoka, hata huyu mwalimu mwone macho yake. Kuchoka si kosa. Ungesema, 'Bibi, leo miguu haina nguvu,' ningekwambia, 'Lala, kesho utakwenda.' Muhogo ungekimbilia wapi?" Akainua kidole kilichopinda. "Lakini hili la kuona haya, nisikilize. Mimi nimekula mihogo miaka sitini. Nimeipika nikiwa msichana, nimeipika na watoto mgongoni, mwaka wa njaa na mwaka wa shibe. Dada yangu mkubwa alikufa kwa muhogo. Mimi niko hai. Unadhani ni kwa sababu naijua yote?"

"Sijui, bibi."

"Haya! Umelisema." Bibi akatabasamu kidogo, kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi. "Niko hai kwa sababu naujua ule nisioujua. Nikifika hapo nasimama. Naonja kwa ncha ya ulimi, natema. Ujuzi wangu wote uko hapo, nao ndio ulioukata ukautupa nyuma ya choo. Umempelekea huyu kijana maganda, kiini umekiacha."

Bwana Wilbert alikuwa ameacha kujifinya macho. Alitoa kalamu, akaandika upesi kwenye jalada la mkoba, maana hakuwa na karatasi nyingine karibu.

"Kumbe kosa si la mtoto peke yake," alisema. "Kadi nimeitengeneza mimi, na niliweka majibu mawili tu, mtamu na mchungu. Kama anayeuliza hana pa kuandikia sijui, basi hata mashine haitaijua. Bibi, hili ndilo litakuwa sharti la kwanza kabisa, kabla ya maswali yote. Ikiwa huna hakika, basi usile. Kamwulize anayejua."

"Na anayejua asipojua?" aliuliza bibi kwa utani.

"Aonje, ateme."

"Hapo sasa umeanza kusoma, mwanangu."

Genoveva alifuta machozi kwa kanga ya bibi. "Nitazirudia," alisema. "Zote arobaini. Tangu mwanzo."

Hakuna aliyemkataza, na hakuna aliyemsifu. Bwana Wilbert alitoa kadi mpya, akachora kwa mkono, kwenye kila moja, mstari wa tatu.

Juma lililofuata jua lilikuwa lile lile na kilima kile kile. Mvua haikunyesha, unga haukuja, na magoti ya bibi hayakupona. Genoveva alishuka bondeni na kupanda, akashuka na kupanda. Siku ya tatu Mwanabaraka, bado amekonda, alitokea njiani na jembe begani.

"Mie nakuja nawe," alisema. "Siyo kwamba nimekusamehe yote. Nataka tu kuhakikisha unachimba kweli."

"Chimba wewe, mie nitashika tawi," alijibu Genoveva, na wote wawili wakacheka kicheko kidogo, cha watu wasio na pumzi nyingi.

Walipofikia kadi ya kumi na saba, bibi alilichukua tawi lenye vikonyo vyekundu. Alilinusa, akaligeuza. Lilikatwa kwenye muhogo mpya wa mstari ule ule, maana ule wa kwanza ulikuwa umekwenda na yale masufuria, na bibi hakutaka kuhukumu mmoja kwa kosa la mwenzake.

"Sijui," alisema.

Genoveva aliandika SIJUI kwenye mstari wa tatu, kwa herufi kubwa. Kisha akainuka, akajinyoosha mgongo, akachukua jembe.

"Umechoka, mjukuu wangu?" aliuliza Bibi Rosalia.

"Nimechoka, bibi."

"Basi kaeni kwanza mnywe maji. Muhogo upo."

Wakanywa maji, wakapumzika kidogo, kisha wakaenda kuuchimba.